Hatua 10,000 zilitoka wapi? Historia fupi ya kujipima

Kila Januari simu zetu hujaa malengo: kilo kumi zipungue, kalori zisizidi 1,200 kwa siku, hatua zifike 10,000. Ukifungua programu nyingi za afya utakuta lengo la hatua limeshajazwa kabla hujaandika hata jina lako.

Sisi tunaoandika programu tuna tabia moja. Tukikuta nambari imekaa peke yake katikati ya msimbo, bila maelezo, tunashtuka. Nani aliiweka hapa? Alikuwa anatatua shida gani? Je, nikiibadilisha kitu gani kitaharibika? Leo nataka tuulize maswali hayohayo kuhusu nambari tunazozitumia kupima miili yetu. Nimezifuatilia moja moja, na karibu kila moja ina mwenyewe, ina mwaka wake, na ina kazi iliyotengenezewa. Mara nyingi kazi hiyo siyo ile tunayoipa leo.

Kiti cha Santorio, 1614

Tuanze na Santorio Santorio, daktari aliyezaliwa mwaka 1561 huko Capodistria, mji ambao leo unaitwa Koper na uko Slovenia. Kuanzia 1611 alifundisha udaktari katika chuo kikuu cha Padua. Huyu bwana alipenda kupima kuliko kubishana. Alitundika kiti kwenye mkono wa mizani kubwa, akaketi humo, akala humo. Alipima kila kilichoingia mdomoni na kila kilichotoka chooni, na inasimuliwa kwamba aliendelea hivyo kwa takriban miaka 30.

Hesabu haikulingana. Kwa kila ratili 8 za chakula na kinywaji zilizoingia, kama ratili 5 zilipotea bila mtu kuona zimekwenda wapi. Santorio alisema zinatoka kama jasho lisiloonekana, na mwaka 1614 akachapisha matokeo yake kwa Kilatini katika kitabu kiitwacho De Statica Medicina. Leo tunajua kwamba sehemu kubwa ni mvuke wa maji unaopita kwenye ngozi na mapafu, pamoja na hewa ya kaboni tunayoitoa tukipumua.

Kiti hicho kilikuwa na kazi nyingine pia. Ungeweza kupanga uzito wa mlo wako upande wa pili wa mizani kabla ya kuanza kula. Ukishakula kiasi ulichopanga, kiti kilishuka kidogo, nawe ukajua umetosheka. Hebu fikiria: arifa ya lishe, miaka 400 kabla ya simu kuanza kutetemeka mfukoni! Lengo liliwekwa na mlaji mwenyewe, kwa mwili wake mwenyewe. Kumbukeni hilo, kwa sababu huko mbele litapotea.

Atwater na bei ya chakula

Sasa turuke hadi Marekani, miaka ya 1890. Wilbur Atwater, mwanakemia wa Wesleyan University huko Middletown, Connecticut, alishirikiana na mwanafizikia Edward Rosa kujenga chumba kidogo kilichofungwa kabisa. Mtu aliingia humo akakaa siku kadhaa, akila, akilala na kufanya mazoezi, huku joto la mwili wake na hewa aliyopumua vikipimwa. Walitaka kujua kama mwili wa binadamu unafuata sheria ileile ya nishati inayofuatwa na injini. Wakakuta unaifuata.

Kutokana na kazi hiyo, na vipimo vingi vya maabara, tukapata nambari tatu ambazo bado ziko nyuma ya takwimu za nishati kwenye pakiti nyingi za chakula: gramu moja ya protini hutoa takriban kalori 4, ya wanga 4, na ya mafuta 9. (Kalori hapa ni zile za chakula, ambazo wanasayansi huziita kilokalori.) Mwaka 1896 Atwater na Charles Woods walichapisha majedwali makubwa ya vyakula vya Marekani. Ukiandika "chapati mbili" kwenye programu leo na nambari zikatokea, unatumia mjukuu wa majedwali hayo.

Lakini Atwater alikuwa anatatua shida gani? Shida yake ilikuwa pesa. Alitaka mfanyakazi wa mshahara mdogo apate nguvu nyingi kwa senti chache. Ukipima chakula kwa kalori na protini kwa kila senti, unga, maharagwe na mafuta vinashinda, na mboga za majani na matunda vinaonekana anasa. Kwa hesabu hiyo, sukuma wiki ni kutupa pesa!

Hakuwa mjinga. Vitamini zilikuwa hazijajulikana. Casimir Funk alibuni jina hilo mwaka 1912, na Atwater alikuwa amefariki mwaka 1907. Hifadhidata yake haikuwa na safu ya kuandika kitu ambacho hakuna aliyekijua. Ndivyo ilivyo kwa kila jedwali: kile ambacho halikukipima huonekana kama hakipo.

1918: kalori inaingia nyumbani

Kalori zilitoka maabara na kuingia jikoni kupitia daktari mmoja wa California, Lulu Hunt Peters. Kitabu chake Diet and Health: With Key to the Calories kilitoka mwaka 1918 na kikawa miongoni mwa vitabu vilivyouzwa sana Marekani katika miaka ya 1920. Aliwafundisha wasomaji wasiseme kipande cha mkate, bali waseme kalori 100 za mkate. Yeye mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mnene sana, hivyo aliandika kama mtu anayeijua njaa.

Ile 1,200 mnayoisikia kila mahali tayari imo katika kitabu chake, kama kiasi cha kila siku kwa anayetaka kupungua. Alitoa pia kanuni ya uzito: chukua inchi zako zinazozidi futi 5, zidisha kwa 5.5, ongeza 110, na hiyo ndiyo ratili unayopaswa kuwa nayo. Ni mstari mmoja tu wa msimbo. Haiulizi umri, haiulizi kama unachimba mawe au unakaa ofisini, haiulizi kama unanyonyesha.

BMI nayo ina hadithi kama hiyo. Hesabu yake inatoka kwa Adolphe Quetelet, mtakwimu wa Ubelgiji wa miaka ya 1830 aliyekuwa akieleza watu kwa umati, wala hakuwa akimtibu mtu mmoja mmoja. Jina la kisasa lilitolewa na Ancel Keys mwaka 1972.

Na sisi je? Tulipimwa

Hadi hapa nimewaeleza watu waliojipima wenyewe, au waliowapima wananchi wenzao. Huku kwetu nambari za lishe zilikuja kwa mlango mwingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, John Boyd Orr wa Scotland na John Gilks, mkuu wa idara ya matibabu ya koloni la Kenya, walisimamia utafiti uliolinganisha Wakikuyu na Wamaasai. Ripoti yao ilitoka mwaka 1931. Wamaasai walielezwa kama watu wa nyama, maziwa na damu, na Wakikuyu kama watu wa nafaka, viazi na kunde. Mwanamume wa Kimaasai, kwa wastani, alikuwa mrefu zaidi kwa inchi 5 na mzito zaidi kwa ratili 23. Hitimisho likawa rahisi: tofauti ni chakula.

Ulizeni swali letu: nani aliiweka nambari hii, na kwa nini? Koloni lilitegemea vibarua, na wengi wao walikuwa Wakikuyu waliofanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Afya ya kibarua ilikuwa suala la uzalishaji. Mwaka 1997 mwanahistoria Cynthia Brantley aliurudia utafiti ule na kuonyesha kwamba ile picha ya makabila mawili yenye milo miwili iliyotengana ilirahisishwa mno. Kwanza, Wakikuyu na Wamaasai walikuwa wakibadilishana vyakula tangu zamani. Pili, wanawake wa Kikuyu hawakula sawasawa na wanaume wao. Walikula mboga za majani zaidi. Mnaona? Mboga zilezile ambazo kwa hesabu ya Atwater zilikuwa hasara. Ukichukua wastani wa kabila zima, mama mwenye kapu la mboga hupotea ndani ya wastani.

Boyd Orr baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO mwaka 1945, na mwaka 1949 akapata tuzo ya Nobel ya amani. Mwaka 2018 serikali ya Kenya na FAO hiyohiyo walichapisha majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Kenya, pamoja na mapishi ya kwetu. Wenzangu mnaotengeneza programu, hayo yatumieni. Hakuna sababu ya mtu wa Nyeri kutafuta githeri kwenye orodha na kuambiwa achague supu ya maharagwe ya Mexico.

1965: hatua elfu kumi

Sasa tufike kwenye ile nambari ya kichwa cha habari. Michezo ya Olimpiki ilifanyika Tokyo mwaka 1964, na watu wengi wa Japani wakapata hamu ya mazoezi. Mwaka 1965 kampuni ya Yamasa ikatoa kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni, kilichohesabu hatua. Wakakiita manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la bidhaa. Elfu kumi ni nambari ya duara, inakaa vizuri mdomoni, na inaonekana kubwa bila kuonekana haiwezekani. Vilabu vya kutembea vikaipenda, kisha baada ya miongo kadhaa ikahamia kwenye vifaa vya kidijitali. Kampuni ya Fitbit ilianzishwa mwaka 2007, kifaa chake cha kwanza kikatoka 2009, na lengo la 10,000 likawa la kawaida mikononi mwa mamilioni ya watu.

Kuna ubaya gani? Kutembea si ni kuzuri? Ni kuzuri. Ila acheni niwaambie nilichokiona nyumbani.

Mama yangu ana miaka 71 na ana sukari. Daktari alimwambia atembee. Mjukuu wake, kwa nia njema, akamwekea programu ya hatua kwenye simu. Kila asubuhi Mama alitoka, akaenda hadi sokoni, akarudi kwa njia ya kanisani. Kila jioni simu ikamwonyesha 4,300, au 4,600, na duara ambalo halijafika hata nusu. Baada ya miezi miwili akaanza kuiacha simu nyumbani. Baada ya mitatu akaacha na kutembea. Nilipomuuliza akasema, "Mwanangu, kila siku naambiwa nimeanguka mtihani. Nimechoka kuanguka."

Sasa sikilizeni. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Harvard na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 16,741 wa Marekani, wastani wa umri wao miaka 72, waliovaa vifaa vya kuhesabu hatua kisha wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka minne. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na kiwango cha vifo kilicho chini kwa asilimia 41 kuliko waliotembea kama 2,700. Faida iliendelea kuongezeka hadi karibu 7,500, halafu ikatulia. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi peke yake kwamba hatua ndizo zilizowaokoa, maana mtu mgonjwa hutembea kidogo. Hata hivyo, linganisheni: mwanamke wa miaka 71, hatua 4,400. Mama alikuwa pale pale mahali ambapo tofauti kubwa ilionekana, na simu ilimwambia ameanguka kwa sababu ya jina la bidhaa ya mwaka 1965.

Nilimsomea matokeo hayo kwa Kiswahili, nikaingia kwenye mipangilio, nikaandika 4,500. Akauliza, "Kumbe nilikuwa napita?" Anatembea tena. Ilikuwa kubadilisha sehemu moja ya kujaza, basi.

John Walker na kelele za mizani

Mtu ambaye sisi wa tarakilishi tunapaswa kumkumbuka hapa ni John Walker, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Autodesk mwaka 1982, aliyefariki mwaka 2024. Mwaka 1991 aliandika kitabu kiitwacho The Hacker's Diet na baadaye akakiweka mtandaoni bure, pamoja na lahajedwali zake. Aliutazama mwili kama mhandisi: mfuko wa mpira, vitu vinaingia, vitu vinatoka. Alitamani kuwe na saa ya mkononi inayokuambia lini ule na lini uache. Ni kile kiti cha Santorio kikiwa kimevaliwa mkononi!

Mchango wake mkubwa ulikuwa kuonyesha kwamba mizani hudanganya kila siku. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ukila nyama choma yenye chumvi Jumamosi, mwili unashika maji. Jumapili asubuhi unalia. Hukunenepa, ni maji tu. Walker alipendekeza uandike uzito kila siku lakini usiutazame. Utazame wastani unaosogea, ambao kila siku unachukua sehemu moja tu ya kumi ya tofauti:

mwelekeo mpya = mwelekeo wa jana + 0.1 x (uzito wa leo - mwelekeo wa jana)

Tujaribu kwa mtu wa kilo 80. Wiki yake ni hii:

Jumatatu: mizani 80.0, mwelekeo 80.00
Jumanne: mizani 81.2, mwelekeo 80.12
Jumatano: mizani 79.6, mwelekeo 80.07
Alhamisi: mizani 79.2, mwelekeo 79.98
Ijumaa: mizani 79.8, mwelekeo 79.96
Jumamosi: mizani 80.6, mwelekeo 80.03
Jumapili: mizani 79.0, mwelekeo 79.92

Mizani imeruka kilo 2.2 kati ya Jumanne na Jumapili. Mwelekeo haukutoka nje ya kilo 0.2 wiki nzima. Anayefuata mizani atasherehekea Alhamisi na kukata tamaa Jumamosi. Anayefuata mwelekeo hana la kusherehekea wala la kulilia, anaendelea na maisha.

Mfuko wa mpira nao una kasoro. Mwaka 1958 Max Wishnofsky alikadiria kwamba ratili moja ya uzito ni sawa na kalori 3,500, na watu wakaanza kugawanya: punguza 500 kwa siku, ratili moja kwa wiki, milele. Mwaka 2011 Kevin Hall na wenzake walionyesha katika jarida la Lancet kwamba mwili ukipungua, matumizi yake ya nishati nayo yanapungua, hivyo kasi hupoa yenyewe. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza wa Tanzania, wanaowinda na kuchimba mizizi kila siku. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Kwa hiyo ile nambari ya kalori ambazo saa yako inasema umechoma, usiichukulie kama pesa za kununulia chapati ya pili.

Basi tufanye nini?

Sisemi mtupe simu. Mimi hujipima kila asubuhi. Ninachosema ni kwamba kabla ya kuifanya nambari kuwa lengo lako, iulize ilikotoka. Mimi hufanya hivi:

1. Pima kwanza, weka lengo baadaye. Hesabu hatua zako kwa wiki mbili bila lengo lolote. Kama wastani wako ni 3,000, lengo la kwanza liwe 4,000.

2. Andika kila siku, amua kila mwezi. Kanuni ya Walker inaingia kwenye lahajedwali kwa mstari mmoja.

3. Usipime kalori peke yake. Weka safu ya mboga na matunda pia, tusirudie jedwali la 1896.

4. Lengo la kula liwe kitu unachoweza kufanya leo. Sukuma wiki au terere kila jioni ni kitendo. Kilo 70 ni matokeo, nayo hayaamuliwi na wewe peke yako.

5. Mwenye sukari, presha, au mimba aketi na daktari au mtaalamu wa lishe kwanza. Simu haijui dawa anazomeza.

Na kwa wenzangu waandishi wa programu, ombi moja. Ile sehemu ya lengo iacheni wazi, au muulize mtu umri wake na alipo sasa kabla ya kuijaza. Mnajua wenyewe watu wengi hawabadilishi mipangilio waliyoikuta.

Haya, kwa leo niishie hapo. Wakati mwingine nitawaonyesha jinsi ya kuchora mchoro wa mwelekeo kutoka kwenye lahajedwali. Hadi wakati huo, tembeeni salama na muangalie bodaboda.